Ng'ombe wa Kulinda Ngitili Yetu

Sisi tuliokulia vijijini Bariadi zama za ruksa, wakati mitumba ilipoanza kumwagwa mnadani kwa marobota na sabuni za kunukia zikarudi madukani, tulijifunza mapema kucheza mdako na kutomwamini mtu. Mdako tulifundishwa na dada zetu. Hilo la pili mimi nilifundishwa na baba yangu mzazi, akisaidiwa na redio.

Redio yenyewe ilivikwa koti la ngozi lenye vitundu, ikakaa juu ya kabati la vyombo ambako mikono ya watoto haikufika. Betri zake zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika juani pamoja na michembe ya mama, vile viazi vitamu vya kukausha, tukazigeuza mchana kutwa, na jioni zikapata nguvu ya kubeba taarifa ya habari moja. Watoto wangu wa leo simu ikizima chaji nusu saa wanalalamika kichwa kinauma. Sisi tulilala na kiu ya habari mpaka jua la kesho yake, na hakuna aliyekufa.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo mama aliyaunga kwa karanga mpaka ukasahau kuwa hakuna nyama, redio ikasema Kuwait imevamiwa. Nchi ndogo ya Ghuba, yenye utajiri wa mafuta. Jirani yake mkubwa, Iraq, kaingiza vifaru alfajiri, na hadi watu wanakunywa chai hakuna nchi tena. Baba alibaki na tonge mkononi.

"Minza," akaniita, "lete kitabu chako cha ramani."

Nilikuwa darasa la tano. Niliitafuta Kuwait mpaka nikaona aibu, na nilipoipata, ncha ya kidole changu iliifunika yote. Baba akaitazama ramani, kisha akainua kichwa akatazama ng'ambo ya ua wa minyaa, kwa jirani yetu Mzee Maduhu.

Wajukuu wakisoma hapa watauliza tulikuwa na mafuta gani ya kuibiwa. Tulikuwa na ngitili. Ni eneo la malisho ambalo kaya hulifunga masika yote, asikanyage hata ndama, ili kiangazi kikikolea na nyika yote ikabaki vumbi, ng'ombe wapate pa kushika roho. Ngitili yetu ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya mto mkavu na ukuta wa minyaa. Tulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na wote maisha yao yalikuwa mle. Ng'ambo ya minyaa ilikuwa ngitili ya Mzee Maduhu, mwenye ng'ombe wapatao themanini na wana saba wenye vifua. Hakuwahi kutugusa. Baba alisema hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Siku chache baada ya habari ile, Mzee Maduhu alipita njiani akamwambia baba kwamba mwaka huu nyasi zetu zimependeza. Baba alilichambua neno hilo siku tatu.

"Zimempendezea nani?" akamuuliza mama.

"Si salamu tu, Baba Minza."

"Hata hao wa Kuwait walikuwa wanasalimiwa."

Tangu hapo nyumba yetu ikawa kama kituo cha upelelezi. Tukaambiwa tuhesabu matawi ya minyaa, maana baba aliamini ukuta ule unatembea kila masika, kidole kwa kidole, kuja kwetu. Mtoto wa Maduhu akija kuomba moto, mama alimpa, na baba akauliza alitazama wapi akiwa ndani. Mimi nilikatazwa kukaa na Nkwimba, binti yao, ingawa darasani tulikuwa dawati moja na kwenye rede hakukuwa na wa kutushinda tukiwa upande mmoja. Nilimpenda sana Nkwimba. Nikaanza kumchunguza.

Vita vya huko vikapiganwa, Iraq ikatolewa, nikadhani yamekwisha. Kumbe kwa baba ndiyo kwanza yameanza. Baadaye redio ikasema ile nchi ndogo sasa imetiliana saini na mataifa makubwa ya mbali, askari wao wawe karibu, silaha zao zikae pale, ili majirani wasithubutu tena. Baba alipiga paja lake.

"Hao ndio watu wenye akili! Jirani mkubwa dawa yake ni kumleta mkubwa kuliko yeye, tena wa mbali, asiye na haja na nyasi zako."

Utasema si tulikuwa na sungusungu? Tulikuwa nao, na filimbi zao na pinde zao. Lakini kamanda wao alikuwa ameoa kwa Maduhu, na baba akasema hawezi kumpelekea shemeji mashitaka ya shemeji. Akapanda baiskeli akaenda upande wa Meatu kumtafuta Mzee Gamaya.

Gamaya alikuwa tajiri ambaye ng'ombe wake hakuna aliyejua mwisho wao. Na kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki boma moja. Huwagawa kwenye kaya za watu, aliyewapokea anakunywa maziwa na kutumia samadi, na mali inabaki ya mwenyewe. Ndiyo kubilisha. Kila tajiri ana alama yake ya kukata masikio, ili ng'ombe wake ajulikane hata akiwa kwa mtu. Na boma lenye ng'ombe wa tajiri haliguswi, kwa sababu ukiligusa umemgusa yeye. Hapo ndipo hesabu ya baba ilipolala. Wengine walipokea ng'ombe wa watu kwa ajili ya maziwa. Yeye aliwapokea kwa ajili ya ulinzi.

Mwaka uliofuata, masika yalipoisha, Mzee Gamaya alikuja mwenyewe, kofia ya pama kichwani, na ng'ombe arobaini na vijana wanne wenye pinde. Akala jogoo wetu. Akacheka na kila mtu. Akamwambia baba, "Kuanzia leo anayekugusa wewe, amenigusa mimi." Baba alilirudia neno hilo wiki nzima, mpaka kwenye foleni ya kuuzia pamba.

"Na nyasi za hao arobaini zitatoka wapi?" mama akauliza.

"Ulinzi haupatikani hivihivi tu, mayu."

"Nimeuliza nyasi. Sijauliza ulinzi."

Sitasema uongo, mwanzoni ilikuwa raha. Maziwa tulikunywa mpaka tukachagua, mgando kwa viazi asubuhi, mgando kwa ugali jioni. Shuleni nilitembea kwa madaha kwa kuwa kwetu kulikuwa na vijana wenye pinde. Kisha, kabla mwezi haujaisha, tukasikia kengele nyingi za ng'ombe ng'ambo ya minyaa. Kwa Maduhu nao wamefika ng'ombe wageni, kama hamsini, na vijana wenye pinde, wameletwa na mtu mwembamba tusiyemjua.

"Mnaona?" baba akasema. "Mtu asiye na nia mbaya anatafuta pinde za nini?"

Mama aliwatazama vijana wetu wanne waliokuwa wanachonga mishale chini ya ukuta, akaendelea kukwangua chungu.

Kuanzia hapo kaya mbili hazikusalimiana. Ng'ombe wa wageni wetu walinyweshwa mtoni asubuhi, kwenye visima vya mchanga, wa kwao wakapelekwa lambo la chini alasiri. Hao vijana ndio walioshauri hivyo, eti kuepusha shari, na wakubwa wakawasifu kwa busara. Hakuna aliyevuka minyaa.

Isipokuwa Nkwimba. Alinikuta kisimani, akaweka ndoo yake chini.

"Minza, jana nilimfuata mbuzi wetu aliyepenya kwenu. Ng'ombe wa wageni wenu wamekatwa ncha ya sikio la kushoto, na la kulia lina tundu."

"Sasa?"

"Wa kwetu vilevile. Ni wa mtu mmoja. Anakula kwenu, anakula kwetu."

"Si umwambie baba'ko."

"Nimemwambia. Kanifukuza, anasema nimelishwa maneno huko kwenu. Basi wewe mwambie wako."

Jioni ile niliyatazama masikio ya ng'ombe wa Gamaya walipokuwa wanaingia bomani. Ni kweli, la kushoto halikuwa na ncha, la kulia lilikuwa na tundu. Ya kwa Maduhu sikuyaona, na njia ya kuyaona ilikuwa kuvuka. Sikuvuka. Niliwaza: kwa nini aniambie mimi? Wanataka tuwafukuze walinzi wetu, halafu wana saba wa Maduhu waingie. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, nikajiona mwerevu kuliko taifa zima la Kuwait. Baba akaniuliza shuleni kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Ngitili ilichukua miezi miwili kwisha. Ng'ombe hamsini na mmoja hawali kama kumi na mmoja. Kwanza zilikwenda nyasi za mtoni, kisha za kati, kisha vijana wakaanza kufyeka matawi ya miti ya mihale, na mwisho tukabaki na udongo mweupe unaopasuka. Baba akawaambia kwa upole kwamba pengine sasa wangepumzika. Mkubwa wao akajibu kwamba Mzee Gamaya hajasema.

Asubuhi moja waliondoka bila kuaga. Tulisimama nje tukawatazama wakiwaswaga ng'ombe kuelekea barabara ya Meatu, wamenenepa. Kutoka ng'ambo ya minyaa likatoka kundi la pili, nalo limenenepa. Nikadhani mishale itaruka. Vijana wakapungiana mikono. Makundi yakaingiana pale njia panda, wala hakuna ng'ombe aliyemshangaa mwenzake, na yule mtu mwembamba akatembea mbele akipiga mluzi. Likawa kundi moja, na masikio yote ya kushoto hayakuwa na ncha.

Baba alisimama upande wetu wa minyaa. Mzee Maduhu alisimama upande wake. Ngitili zote mbili zilikuwa vumbi tupu, na ule ukuta tuliouhesabu matawi ulisimama katikati haulindi kitu.

"Mwangaluka, ng'wana Nkuba," Mzee Maduhu akamsalimia, akimwita kwa jina la babu.

"Mwangaluka."

"Mimi nilikuwa nakuogopa wewe," akasema. "Una redio. Nilijua unajua kitu."

Nilisimama nyuma ya baba na siri yangu ya masikio.

Ng'ombe wetu walipelekwa Kiloleli, karibu na ziwa, kwa mjomba, ambako nyasi zilikuwepo bado. Walitembea hivyo walivyo, mifupa imetokeza. Kumi na mmoja walikwenda, wanne wakarudi. Mzee Maduhu alipoteza wengi kuliko sisi, na Gamaya hatukumwona tena. Tulisikia tu kwamba mwaka uliofuata alikuwa anawalinda watu wa kijiji kingine.

Siku hizi Bariadi ni makao makuu ya mkoa. Vijana wanakaa kwenye bodaboda zao kituoni wakingoja abiria, simu mkononi, na habari za Ghuba wanazipata kabla hata wenye Ghuba hawajaamka: nchi ndogo fulani imetiliana saini tena na wakubwa, ina wasiwasi na jirani zake. Wanabishana mizinga ya nani inafika wapi. Ukiwauliza nani anafuga mpakani mwa kwao kijijini, wanakutazama kama umewauliza habari za Nuhu. Ngitili nyingi za utoto wetu zimelimwa. Nyasi za kurefuka mpaka kiunoni, harufu yake ikichanganyika na mvua ya kwanza, na sisi wasichana tukikimbia pembeni bila kuthubutu kukanyaga ndani, watoto hawa hawatazijua. Sisi tulizijua. Tulizijua, na tukaziachia zikaliwa.

Baba alifariki mwaka juzi. Nkwimba alikuja msibani kutoka Kiloleli alikoolewa, akakaa nami mkekani siku nne, akapika, akachota maji, akalia kwa sauti kuliko baadhi ya ndugu wa damu. Siku ya kuanua tanga, wakati tunachambua mchele, akaniuliza taratibu.

"Minza. Yale masikio niliyokuambia. Ulimwambia mzee?"

Kaburi lilikuwa hatua ishirini kutoka pale tulipokaa, udongo wake bado mwekundu.

"Nilimwambia," nikasema. "Hakuniamini."

Nkwimba akatikisa kichwa, akapuliza pumba kwenye ungo. "Kama wangu tu. Wazee wetu walikuwa hawamwamini mtu. Sisi afadhali."

"Sisi afadhali," nikaitikia, nikaendelea kuokota mawe kwenye mchele.