Injini Iliyozimwa kwa Bibi Philomene

Shemeji yangu Leander, mume wa dada yangu Yvette, ni mtu wa watu kupita kiasi. Mtume dukani akanunue mkate, atarudi jioni na habari za kijiji kizima, na mkate wenyewe kausahau kwenye kaunta. Dada alilia, akanuna, mwisho akazoea. Simwonei huruma sana, maana Leander alikuwa hivyo hivyo hata kabla ya harusi.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwagawia wazee wetu samoni, yule samaki anayepanda mto kutoka baharini kuja kuzaa. Mto wetu ni Columbia, huku Marekani, na upande wa chini kuna ukuta wa bwawa ambao samaki hawezi kuupita hata afanyeje. Tangu ujengwe, hakuna samoni aliyefika kwetu kwa mapezi yake mwenyewe. Maporomoko waliyokuwa wakivulia babu zetu yamelala chini ya maji, na watoto wetu wengi walimjua samoni wa kopo tu. Kwa hiyo Leander alikuwa anatelemka na pikapu hadi chini ya ukuta, anapakia samaki waliokwisha kuvuliwa, anawafunika barafu, kisha anarudi akiwagawa nyumba kwa nyumba. Na hakuwa mtu wa kuacha samaki mlangoni akaondoka. Aliingia, akaketi, akanywa kahawa iliyokaa jikoni tangu asubuhi, akasikiliza habari za magoti na za wajukuu wasiopiga simu. Kwetu hupiti mlango wa mzee ukiwa na samaki garini ukajifanya hujamwona. Ukithubutu, kabla jua halijazama ukoo mzima umeshajua, na mama yako ataulizwa alikulea vipi.

Wazee walimpenda kwa hilo. Na hilo hilo ndilo lililomwangusha.

Ulipofika mwaka wa kupeleka samoni hai upande wa juu wa bwawa, wakazae wenyewe mtoni kama zamani, hakuna aliyejiuliza nani ataendesha lori. Mama yetu, Ernestine, ndiye mwenyekiti wa baraza. Alikuwa amebishana na serikali mpaka sauti ikamkauka, nao wakakubali kwa shingo upande: haya, jaribuni kundi moja, wakifika salama tutazungumza habari ya mengine. Mataifa jirani yote ya wenyeji wa asili wa mtoni yalialikwa. Watu wa serikali nao wangekuwepo, na kofia zao.

Asubuhi ile Marlene, binti wa ukoo wetu aliyesomea mambo ya samaki, alimsimamisha Leander pembeni ya lori la tangi.

"Mjomba, sikiliza. Pampu ya hewa inakula kwa injini. Injini ikizimika, hewa imekatika. Na joto hili, hawachukui muda kufa."

"Mimi nimeanza kubeba samaki wewe ukiwa kwenye nepi."

"Ulikuwa unabeba maiti, mjomba. Hawa wanapumua."

"Haya, daktari," akacheka, akapanda.

Dada yangu akamfuata dirishani. "Usisimame popote, Leander. Nakujua."

"Nitasimama wapi mimi?"

Alisimama kwa Bibi Philomene.

Nyumba ya Bibi Philomene iko barabarani kabisa, hakuna njia ya kuikwepa. Alikuwa mtoto mdogo maporomoko yalipozama; baba yake alimbeba mabegani akaone samoni wa mwisho wakiruka. Siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa chake cha sikukuu, kakaa kwenye kiti cha uani akingoja lori lipite. Bintiye, Odette, ndiye aliyenieleza yote, na Leander mwenyewe hakukanusha hata neno.

Kwanza alipunguza mwendo ampungie mkono tu. Bibi akanyanyua fimbo. Leander akasimama, injini ikiunguruma, akateremka kusalimia. Bibi akasema anataka kuwaona samaki. Leander akamnyanyua hadi kwenye kidato cha tangi, Odette kamshika kiuno, akafungua mfuniko.

"Zima hilo dude lako," bibi akasema. "Siwasikii."

"Bibi, hapo siwezi."

"Leander. Nimengoja tangu niko mtoto, na wewe unaninyima dakika moja?"

Akazima. Bibi Philomene akaingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akamgusa mmoja mgongoni, akaanza kuimba wimbo wa baba yake. Ungekuwa wewe ungemkatiza? Mimi nisingeweza. Mpaka hapo namtetea shemeji yangu mbele ya mtu yeyote.

Lakini wimbo uliisha. Bibi akateremshwa akiwa analia na kucheka, akasema, "Sasa ingia unywe kahawa." Na Leander, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kuikataa kahawa ya mzee, miguu yake ikajipeleka yenyewe mpaka jikoni. Akaketi. Akasahau. Mtu mzima, mwenye akili zake, aliketi akaongea, na nje lori limekaa kimya juani.

Sisi tulikuwa tumeshapanga mstari kutoka barabarani hadi mtoni, watu wa mataifa manne, kila mmoja kashika mfuko wa maji wa kupokezana samaki. Ngoma zilikuwa zimeanza. Mikate ya kukaanga ilikuwa imejaa mezani na hakuna aliyeigusa. Lori lilipotokea tulipiga vigelegele.

Leander hakuteremka. Marlene akapanda juu ya tangi, akafungua mfuniko, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu hata ngoma zikaanza kunyamaza moja moja.

"Mjomba," akaita, kwa sauti ndogo. "Njoo."

Nami nilisogea nikaona. Matumbo meupe juu, wote, wamebanana kama kuni.

"Pampu," Leander akasema. "Imeniharibikia njiani."

Pampu ilikuwa inafanya kazi pale pale, inapiga mapovu, sote tunaisikia. Marlene alimtazama, akafunga mdomo, kwa sababu watu wa serikali walikuwa wamesogea. Mmoja wao akavua kofia. Heri angetukana. Nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni, na mimi hata usukani sijashika.

Mama hakupaza sauti. Alisema samoni akifia mtoni anaulisha mto, kwa hiyo hawa nao wataingia mtoni, na kwa mikono yetu. Basi tukawapokezana, mmoja mmoja, wafu. Wazito, wanateleza, macho wazi. Hakuna aliyeimba. Mama alimweka Leander mwisho wa mstari, majini, awalaze yeye. Alifanya hivyo bila kuinua uso.

Hatukuwa tumefika nusu gari la Odette likaja. Bibi Philomene akateremka na fimbo yake, kitambaa kimenyooka, uso umewaka kwa furaha. Macho yake ya mbali hayaoni vizuri. Aliona mstari, aliona watu wanapokezana, akajua sherehe imeanza.

"Yuko wapi yule kijana wangu?" akauliza kwa nguvu. "Mwenyekiti, nataka nikushukuru mbele ya watu. Mkwe wako amelelewa. Ana mzigo mkubwa vile, lakini alisimama kwa ajili yangu. Alinizimia injini niwasikie. Akaingia ndani akanywa kahawa yangu, vikombe viwili, wala hakuonyesha haraka hata kidogo. Vijana gani wa siku hizi wanafanya hivyo?"

Marlene aliinamisha kichwa. Dada yangu akageuka akaenda nyuma ya lori. Kila shukrani bibi aliyoitoa ilikuwa inamvua Leander nguo mbele ya watu, na bibi hana habari, anazidi kumsifu.

"Nionyesheni basi," akasema. "Nimguse tena yule mmoja."

Tukamtazama Leander, wote. Angeweza kudanganya mara ya pili, nina hakika hata mama angemwachia. Alitoka majini, suruali inachuruzika, akamshika bibi mkono.

"Bibi, wamekufa. Nilizima injini nikakaa. Ni mimi."

Bibi Philomene akauliza, polepole, "Na aliyekwambia uzime ni nani?"

"Ni mimi, bibi. Nilizima mwenyewe."

"Usinifanye mtoto. Nilikwambia mimi. Nimengoja maisha yangu yote waje, na nimewaua mimi."

"Bibi, si wimbo. Ni kahawa. Kahawa niliinywa mimi."

"Kahawa ya nani?"

Bibi akamwambia Odette amrudishe nyumbani. Leander alirudi majini akamalizia waliobaki, na kuanzia siku hiyo yule mwongeaji wetu akawa mtu wa kuitika tu. Dukani akienda, ananunua mkate, anarudi.

Mama alikwenda kwa serikali tena, akajidhalilisha, akaomba tena, akapewa kundi moja la mwisho kiangazi kilichofuata. Baraza lilipouliza nani ataendesha, akasema Leander.

"Mama, nakusihi, mpe mtu mwingine," Leander akamwomba.

"Hakuna mtu mwingine ninayejua kwa hakika kwamba hatasimama."

Nami nikaketishwa kando yake nimchunge. Samaki wale walifika hai, nakuambia mapema usije ukahangaika; Marlene alilia, ngoma zilipigwa mpaka ngozi zikalegea. Lakini si hilo ninalolikumbuka.

Tulipokaribia nyumba ya Bibi Philomene, Leander alijivuta mbele kwenye kiti. Alikuwa hajakanyaga pale mwaka mzima. Mikono aliikaza kwenye usukani, na mimi nilimwona anapambana na mguu wake, maana ulikuwa unatafuta breki wenyewe. Kupita mlango wa mzee bila salamu, na samaki garini.

Bibi alikuwa uani, kwenye kiti chake, na kitambaa chake cha sikukuu. Lakini kiti amekigeuza. Ametupa mgongo, uso kaelekeza ukutani, ili Leander apite bila kuhesabiwa kuwa amempita mzee.

Leander akanigeukia. "Shemeji, nimwite tu. Nimwite jina tu."

"Endesha," nikamwambia.

Akaendesha. Tulipokuwa sambamba na ua, bibi aliinua mkono mmoja, bila kugeuka, akausimamisha hewani mpaka tukapita.