Kifaranga Mwenye Mate ya Mama

Mwaka niliotimiza miaka saba nilimbeba mama yangu mikononi kutoka kwetu Ushetu hadi kijiji cha pili, naye alikuwa mwepesi kuliko embe bichi. Cheka ukitaka. Nina digrii imelala kwenye bahasha, nimefanya intavyuu mpaka viatu vimeisha visigino, na bado nasema hivyo hivyo: nilimbeba mama.

Mama alikuwa anakohoa. Tangu mvua za kwanza alilazwa peke yake kwenye kijumba cha nyuma, nami nikaambiwa nisivuke kizingiti. Kwa nini? Hakuna aliyejisumbua kunieleza. Watu wazima wa kwetu waliamini mtoto ukimweka pembeni anatulia. Nilikaa nje ya mlango nikisikiliza kikohozi chake. Akinyamaza muda mrefu nilikohoa mimi, kwa sauti, ili aitikie. Naye aliitikia. Ndiyo maongezi tuliyokuwa nayo.

Baba alikuwa Mkatoliki wa Jumapili. Siku sita zilizobaki alikuwa Msukuma. Lori la kubeba tumbaku lilikuwa linapita kila Jumamosi kwenda Kahama, na dereva alikubali kumchukua mgonjwa hadi hospitali ya misheni. Lakini baba hakutaka kumpandisha kabla kuku hajasema. Kwetu nfumu, mpiga ramli, hana haja ya kumwona mgonjwa. Mgonjwa anamtemea kifaranga mate mdomoni, kifaranga anapelekwa, anapasuliwa, na nfumu anasoma ndani yake kilichomo ndani ya mtu. Kuku akisema hospitali, mama anapanda lori. Akisema vingine, mama anabaki.

Baba alikuwa na tumbaku ndani ya bani, nyumba ya kukaushia, na moto wa bani hauachwi hivi hivi. Nikatumwa mimi niwahi foleni. Yeye angenikuta kwa baiskeli.

Bibi alinifungulia mlango wa kijumba. Mama akajiinua, akampokea kifaranga mwekundu, akamtemea. Halafu akanitazama.

"Mbebe taratibu, mayu," alisema. Mayu ni mama. Kwetu mtu humwita hivyo binti yake akimpenda.

"Umesikia?" Bibi akadakia. "Huyu sasa si kuku. Huyu ni mama yako. Ukimwachia, umemwachia mama yako."

Maskini Bibi, alitaka tu nisimpoteze njiani. Hakujua anamwambia nani. Miezi mitano sijamgusa mama, halafu unanikabidhi mama mzima, ana joto, moyo unamdunda kwenye vidole vyangu? Nilimbana kifuani. Nikamsimulia habari za shule, na mbuzi wetu aliyezaa pacha, na kwamba nimejifunza kusonga ugali mdogo. Njia nzima sikulegeza mkono.

Kwa nfumu tulikuta watu wengi. Mama mmoja mnene aliyekuwa mbele yangu aligeuka.

"We mtoto, unambeba au unamnyonga?"

Watu wakacheka. Nikatazama. Shingo ilikuwa imelala upande.

"Amesinzia," nikasema.

"Haya, mwimbie basi!" Wakacheka tena.

Nilienda nyuma ya ghala la mahindi. Sikulia. Nilimfunika kwa majani, nikakamata kifaranga mwingine mwekundu aliyekuwa anachakura pale, kuku wa nfumu mwenyewe, nikampanua mdomo, nikamtemea mate yangu. Bingwa wa kuona yaliyofichika hakuona kuku wake akiibwa.

Baba alifika ananuka moshi. Zamu yetu ilipofika, nfumu, mzee mpole mwenye sauti ya chini, alimpasua kifaranga, akamgeuzageuza kwenye jua. Nikasubiri aninyooshee kidole.

"Mwenye mate haya kifua chake kizima," akasema. "Kilichomo ni woga. Anaogopa kuachwa. Msimtoe nyumbani, kaeni naye karibu. Huyu ataishi mpaka azike watu."

Baba alicheka. Mwaka ule sikuwa nimekisikia kicheko chake. Akaninyanyua juu mbele za watu, akanipakia kwenye baiskeli, akapiga mluzi mpaka nyumbani, nami nyuma yake nimeshika shati. Maneno sita tu yangetosha: Baba, kuku wa mama alikufa njiani. Sikuyasema. Bibi alishaniambia yule kuku ni nani. Ningesema kuku kafa, ningekuwa nimesema mama kafa, na nimemuua mimi kwa kumpenda.

Jumamosi lori lilisimama kwetu, likapiga honi. Baba akatoka, akampungia dereva mkono aende zake.

Mama alikufa kabla ya lori la pili.

Chuoni mhadhiri mmoja wa suti alitufundisha habari za mtoto ambaye mzazi wake ni mgonjwa sana. Hujilaumu, alisema, hunyamaza, huwa mtu mzima kabla ya wakati. Tukanakili ubaoni, na kwenye mtihani nikapata alama za juu. Wabeja sana, mwalimu, asante. Ila hukutuambia huyo mtoto afanye nini na mikono yake. Mimi binti yangu akilia namkabidhi kwa shangazi yake. Wanasema nina roho ya jiwe. Sibishani nao. Waache mtoto aishi.

Baba bado anamtukana nfumu: mwongo, tapeli, muuaji. Nanyamaza. Yule mzee hakukosea hata neno. Kifua kilikuwa kizima. Woga ulikuwepo, upo. Na kuzika nimezika: mama, kisha Bibi.

Sasa baba mwenyewe ndiye anayekohoa, kwenye kijumba kile kile, na mimi msomi wa ukoo, nisiye na kazi, ndiye ninayemuuguza. Kila asubuhi naingia na uji na maneno yangu sita, natoka na bakuli tupu na maneno yangu sita. Kisha nakaa nje ya mlango. Akinyamaza muda mrefu, nakohoa.