Baiskeli ya Leta

Ile baiskeli nilipewa na Leta, yaani serikali ya Wabeleji, katika mwaka wangu wa pili kazini. Haikuwa yangu. Ilikuwa nyeusi, nzito, na kwenye chuma chake cha juu walikuwa wameandika namba kwa rangi nyeupe, kama walivyoandika kwenye vitanda na ndoo zote za dispansari. Bwana wa afya, Mbeleji aliyetusimamia, alinikabidhi mbele ya wenzangu. Aliniambia nisichelewe tena kazini, kisha akaipiga kiti kwa kiganja cha mkono.

"Kinga ya Leta inabeba mufanyakazi na dawa," alisema, maana kwetu baiskeli huitwa kinga. "Haibebi bibi, haibebi ndugu, haibebi mbuzi."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Dispansari yetu ilikuwa kwenye njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kuchemsha sindano na kuwashika watoto wakati wa kuchomwa. Watu waliniita munganga, na sikuwakataza, ingawa nilichokijua kilikuwa kidogo. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa pale pale, lakini mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja, na hakukuwa na wa kumgeuza kitandani ila mke wangu na mimi. Kwa hiyo nililala kijijini kwetu, na kila asubuhi, kukipambazuka, nikaondoka kwa baiskeli. Njia ikiwa kavu ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Ikiwa imelowa, hakuna aliyeweza kusema.

Kwetu mvua ilikuwa na tabia ya kukuacha utoke kwanza. Nilifunga mlango mbingu ikiwa safi, bondeni nikaingia kwenye ukungu mzito hata nisione gurudumu la mbele, mlimani jua likanichoma mgongo, na kabla sijamaliza kuteremka upande wa pili upepo ukalaza majani marefu ya kando ya njia, nikajua nimeshachelewa kuikimbia. Udongo wetu mwekundu ukilowa unashika kama ugali wa muhogo. Ulijaa kati ya gurudumu na bati lake mpaka baiskeli ikasimama yenyewe, nami nikashuka kuukwangua kwa kijiti, nikapanda, nikaenda hatua mia, nikashuka tena. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi, na moshi wa majani yaliyochomwa, na majivu mepesi yaliyonishukia kichwani.

Shati na kaptula nyeupe za kazi sikuzivaa njiani. Nilizikunja ndani ya kitambaa cha mpira kilichokuwa kimechakaa kitandani pa wagonjwa, nikazifunga nyuma ya kiti. Bwana alitukagua kila asubuhi tukiwa tumepanga mstari, wakati wa kuita majina. Doa jekundu kwake lilikuwa uchafu, na uchafu ulikuwa na adhabu.

Karibu na nusu ya safari, juu ya mlima unaoteremka hadi kwenye daraja la magogo, kulikuwa na nyumba moja peke yake. Mwenye nyumba alilima mpunga kwa ajili ya tumbo lake na pamba kwa ajili ya amri ya Leta. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nikipita alikuwa ameshawasha moto, na mara nyingi alinitupia hindi la kuchoma nikiwa bado juu ya baiskeli, nami nililidaka. Mke wake ndiye aliyekuwa na maneno. Alipiga kelele kutoka jikoni: "Munganga, shuka ukate jani la mugomba, mvua iko mulimani!" Hakukosea hata siku moja. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Mwaka ule alipopata mimba, na ikakaa, na ikakua, alisimama mlangoni akaweka mikono kiunoni ili nilione tumbo vizuri.

"Huyu utamushika wewe," aliniambia. "Nitakuja mupaka kwenu."

"Uje mapema, mama," nilimjibu. "Usingoje uchungu ukukute huku."

Mwezi wake wa kuzaa ulipofika, mvua zilikuwa kali. Kila baada ya mvua kubwa walifunga barabara kwa mti mrefu uliowekwa kati ya nguzo mbili, ili malori yasiichimbe mpaka ikauke. Watu wa miguu na baiskeli tulipita pembeni. Nilikuwa nimechelewa mara mbili. Mara ya pili Bwana aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mara ya tatu baiskeli itarudi stoo na mimi nitarudi shambani. Nilimwamini. Mwenzangu mmoja alikuwa amerudishwa hivyo, na kabla ya kuondoka alikuwa amelala kifudifudi mbele ya ofisi akila fimbo.

Siku yenyewe ilianza bila wingu. Nilipofika mlimani moto haukuwapo pale nyumbani na mlango ulikuwa umefungwa. Nikafikiri wamekwenda shamba. Nikaanza kuteremka na mvua ikanikuta hapo hapo, nzito, ya upepo, ya kupiga uso. Breki hazikushika. Nilishuka nikaiburuta baiskeli mpaka chini, na pale darajani ndipo nilipowaona.

Kipoyi, ile machela ya miti na kamba ambayo watu watatu au wanne hubeba begani, kilikuwa kimewekwa chini kwenye matope. Mwanamke alikuwa amelala juu yake, amefunikwa majani ya mgomba, na mumewe alikuwa amechuchumaa akimzuilia mvua kwa mwili wake. Kilio hakikuwapo. Mwanamke alikuwa ameuma pembe ya kitenge.

"Iko na uchungu tangu jana," mume aliniambia. "Tulitoka asubuhi sana, mimi na wadogo zangu wawili. Kapita, musimamizi wa kazi ya barabara, akatukuta hapa. Amewachukua wote wawili."

"Amewachukua wapi?"

"Kule njia ilikokatika. Muzungu mukubwa anapita leo. Nilimuonyesha bibi. Akasema, barabara kwanza."

Njia ilikuwa imefungwa. Lori halikuweza kuja hata kama lingekuwapo. Mbele yetu kulikuwa na kilima kimoja, halafu tambarare, halafu dispansari.

Mume alisimama akashika kiti cha chuma kilicho nyuma ya baiskeli yangu. "Tumuweke hapa. Wewe shika mbele, mimi nitasukuma na kumushika. Tutafika."

Nimeyarudia maneno haya moyoni mara nyingi, na sijapata kosa ndani yake. Tungefika. Polepole, tukiteleza, lakini tungefika. Nami nilichofanya ni kutazama ile namba nyeupe.

"Baba, kinga si yangu," nilisema.

"Najua si yako."

"Nikionekana nimebeba mutu nitafukuzwa. Acha niende mbio. Nikifika tu nitatuma wabebaji. Wabebaji wanne, wenye nguvu. Watakuwa hapa kabla mvua haijakatika."

Hakuachia kile kiti. Tulisimama hivyo, yeye huku na mimi huku, maji yakitutiririka. Mwanamke akatoa kitenge mdomoni.

"Mwache aende," alimwambia mumewe. "Iko na woga. Mwache."

Alifungua vidole. Nikavuka daraja nikiiburuta baiskeli, na ng'ambo nikapanda, wala sikugeuka.

Nilifika. Nyuma ya jiko la dispansari nilivua nguo za matope, nikavaa zile nyeupe juu ya ngozi iliyolowa, nikaingia kwenye mstari jina langu likiwa bado halijaitwa. Bwana alitazama saa yake, akatazama mvua, akanitazama mimi.

"Huyu," aliwaambia wenzangu, "anatoka mbali, na mvua hii, na amefika safi. Nyinyi mnalala hapa na mnachelewa."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu. Nilingoja amalize.

"Bwana, kuna mwanamke darajani. Anazaa, na mtoto hatoki. Naomba wabebaji."

"Wabebaji wamekwenda na mizigo ya mkubwa," alisema. "Watarudi saa sita. Wakirudi, waende."

"Ndiyo, Bwana."

Hayo ndiyo yote niliyosema. Sikusema kwamba saa sita ni mbali. Sikuomba ruhusa ya kurudi mwenyewe na baiskeli ikiwa imeegemea ukuta pale, naiona. Niliwasha moto nikachemsha sindano. Kila nilipoinua kifuniko cha sufuria niliambia nafsi yangu kwamba labda wadogo zake wameachiliwa, labda wako njiani.

Mvua ilikatika. Jua likatoka kali, uwanja ukafuka mvuke. Kabla ya saa sita nilisikia watu wakipiga kelele nje. Mume alikuwa anaingia uwanjani amembeba mkewe mgongoni, amemfunga kwa kitenge kama mtoto anavyofungwa, miguu ya mwanamke ikiburuta chini. Alikuwa na matope mpaka kifuani. Alikuwa ameanguka mara nyingi. Mkubwa wetu wa wauguzi, mzee wa upande wa Kabambare aliyejua kazi kuliko Bwana mwenyewe, alimpokea na kufunga mlango.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka akiwa ameshakufa, na mzee aliniambia alikufa asubuhi ile ile, si usiku. Sijui kwa nini aliona ni lazima nijue. Mama alipona, lakini alitokwa na damu nyingi, akalala kwetu wiki nyingi, na mzee alimwambia mumewe kwamba tumbo lake halitashika tena.

Kumuosha mtoto ilikuwa kazi yangu. Nilimuosha. Alikuwa na nywele nyingi.

Nilimkabidhi kwa baba yake akiwa amefungwa kitambaa cheupe. Alimpokea, akanitazama nguo, kola mpaka kaptula.

"Wabebaji walikuwa wapi?" aliuliza.

"Walikwenda na mizigo ya mkubwa."

"Na wewe?"

Alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka. Halafu akaenda kuzika.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alikuwa anamlisha mama uji kwa kijiko, na hakuacha. Alipomaliza alimfuta mama kidevu, akaniuliza bila kunigeukia, "Ingekuwa mimi, ungeniacha?" Nikasema hapana. Sikuona kama ameamini, wala sikujua kama ni kweli.

Kazi iliendelea. Kila asubuhi nilipita pale mlimani, na kila asubuhi moto ulikuwa unawaka. Mwenye nyumba hakunitukana. Aliitikia "yambo" yangu akitazama majivu. Mke wake aliporudi nyumbani sikumsikia tena. Mvua ilikuja bila mtu wa kuniambia, nikalowa, na nilianza kuona afadhali kulowa.

Kiangazi kilichofuata nilimkuta babu mmoja njiani, mguu umevimba, anatembea kwa fimbo akikohoa vumbi. Nilishuka nikampandisha nyuma. Alikataa mwanzoni, akasema si mbali. Nikamlazimisha. Niliingia naye uwanjani wakati wa kuita majina, mbele ya mstari mzima, nikamteremsha taratibu. Bwana hakupiga kelele. Aliichukua baiskeli mwenyewe, akaisukuma mpaka stoo, akafunga kufuli. Mzee wetu wa wauguzi aliniombea, ndiyo maana sikupoteza kazi. Wenzangu walininong'oneza kwamba nimefanya kiume, lakini mimi nilijua: yule babu angefika kwa miguu yake.

Baada ya hapo nilitembea. Niliondoka giza likiwa bado, nikarudi mama ameshalala. Alikufa kabla mvua hazijarudi, na nikahamia kwenye nyumba za wafanyakazi, mlango wa tatu kutoka jikoni.

Miaka ilipita kabla sijamwona tena yule mwanamke kwa karibu. Alikuja dispansari siku ya mawingu, panga limemkata pembeni mwa mguu akifyeka shamba la pamba. Alikuwa amekonda, na alikaa kwenye benchi akingoja zamu yake kama wengine. Ilipofika, mwenye kuosha vidonda nilikuwa mimi, na mwingine hakukuwapo.

Nilipiga magoti na bakuli la maji ya vuguvugu. Nilimwaga kidogo kidogo, nikasafisha kuzunguka kidonda kwa ncha ya pamba, nikapuliza, nikaogopa hata kubonyeza. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Usinishike hivyo," alisema. "Osha tu."

Nikaosha.