Sentensi ya Mwanaidi

Mpaka leo redio ikipandishwa sauti ghafla mchana, huacha ninachofanya nikatega sikio. Katika nyumba niliyokulia pale Ngamiani, nyumba ya vyumba vya kupanga vilivyotazamana ukumbini, redio hazikupandishwa kwa sababu ya wimbo. Zilipandishwa kwa sababu ya chumba cha fundi baiskeli, aliyeishi na mkewe Bi Zuhura na binti yao Mwanaidi, rika langu. Fundi akianza kumpiga mkewe, mama yangu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye kitufe cha redio. Vyumba vingine vikafuata, na mwanamke aliyekuwa uani akashika mchi na kutwanga, hata kama kinuni hamna kitu. Huko kuliitwa kusitiri. Mtu mwenye adabu hakuruhusu kilio cha mwenzake kiwafikie wapita njia. Nilifundishwa hivyo kama nilivyofundishwa kunawa kabla ya kula, wala sikuona ajabu. Kilio kikinyamaza, sauti zilishushwa, na mtu akampelekea Bi Zuhura bakuli la uji au mafuta ya kuchulia. Hakuulizwa kitu, naye hakusema kitu.

Fundi mwenyewe angekuwa mlevi ingekuwa rahisi kumchukia. Alikuwa mtu wa salamu nyingi, msikitini hakosi, na watoto wa mtaa aliwazibia pancha bure. Watu wazima walipomtaja walisema yeye na mkewe “wamekwaruzana”, au “wamepishana kauli”, na aliyetaka kufunga mazungumzo alisema “mambo ya ndani hayo”. Si kwamba walikosa neno. Neno vurugu walikuwa nalo, tena walilitumia kwa ukarimu mkubwa: kwa mashabiki wa mpira, kwa wanasiasa, kwa wachuuzi na mgambo sokoni, hata kwa kuku walioingia jikoni. Kuku walifanya vurugu. Fundi alikwaruzana na mkewe.

Tulipokuwa darasa la tano tulipata mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Ester, Msambaa wa kutoka Lushoto, mpole wa sauti lakini mkali wa macho. Kila asubuhi aliandika neno moja ubaoni, na kila mtoto alisimama na kulitungia sentensi. Akisema “sahihi”, unakaa. Akikunja uso, unabaki umesimama hadi akili ikurudie. Siku hiyo neno lilikuwa vurugu, na wavulana walifurahi kama wamepewa mpira. Mechi ilivunjika kwa vurugu. Mgambo walileta vurugu sokoni. Mimi nikasema kuku wa bibi yangu ni wa vurugu, nikachekwa, nikakaa. Mwanaidi, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, akasimama na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Baba akifunga mlango vurugu huanza, na mimi hujificha chini ya kitanda mpaka mama anyamaze.” Hakuna aliyecheka. Mwalimu alibaki ameshika chaki, akimtazama, kisha akasema, “Sahihi. Kaa, mwanangu,” na kumwita anayefuata. Nimemlaumu mwalimu yule miaka mingi. Alikuwa mgeni mjini, labda alidhani mtoto amebuni. Lakini mimi nilimwona uso, na sidhani kama alidhani hivyo.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Wanawake walikuwa uani wakichambua mchele, na mama yangu akasema mtoto huyu kamvua nguo mamaye mbele za watu. Kesho yake Bi Zuhura alikuja shuleni. Alikuwa amevaa baibui safi, ushungi ameuvuta mpaka karibu na mdomo, na bado shavu lililovimba lilionekana na darasa zima. “Mwalimu, nimekuja kumsahihishia mwanangu,” alisema. “Kwetu hakuna vurugu. Kaokota maneno njiani tu huyu.” Mwalimu Ester akatazama lile shavu, akatazama sakafu, kisha akamwambia Mwanaidi asimame atunge sentensi nyingine. Mwanaidi alisimama muda mrefu. Mwishowe akasema, “Nyumbani kwetu hakuna vurugu.” Mwalimu akajibu “sahihi” kwa sauti ambayo sisi wa mbele tu ndio tulioisikia. Bi Zuhura akamshukuru kwa mikono miwili, na alishukuru kweli, akatoka. Nilikuwa mtoto, sikujua niite nini nilichokihisi. Sasa najua ilikuwa hasira.

Haukupita mwezi. Alasiri moja mimi na Mwanaidi tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka chuoni kusoma Kurani, na tangu kona ya mtaa tukazisikia redio, kila moja na kituo chake, na mchi juu yake. Mwanaidi akaanza kukimbia. Kelele za siku ile zilikuwa kubwa kiasi kwamba hata wa mlango wa pili hakuweza kujua kuwa safari hii Bi Zuhura halii, anaita. Mpangaji mmoja alikuja kusema baadaye kwamba alihisi kama amesikia “Mama Rukia! Mama Rukia!”, lakini hakuwa na hakika. Rukia ni mimi. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiitwa, na mama yangu alikuwa amekaa pembeni ya redio yake akimsitiri. Palipotulia alichukua bakuli la uji kama kawaida, akamkuta Bi Zuhura sakafuni, mlango wazi, fundi hayupo. Bi Zuhura alifia hospitali kabla ya magharibi.

Msibani ilisemwa kwamba aliteleza uani. Polisi walipokuja kuuliza kama palitokea vurugu yoyote, watu wazima wote walijibu kwamba hawakusikia kitu, na hawakuwa mbali na ukweli, maana walifanya bidii wasisikie. Hakuna aliyewauliza watoto. Bibi yake Mwanaidi alikuja kutoka Mkwaja akamchukua, na sijamwona tena.

Sasa naishi Pongwe, kwenye nyumba yangu, na mama yangu mzee niko naye. Mambo yamebadilika, siwezi kukataa. Kituo cha polisi kina dawati la kesi hizi, zahanati ina mabango, na maneno ya kutaja mambo haya yamekuwa mengi kuliko tuliyokuwa nayo. Adabu ndiyo haijabadilika. Juzi alasiri nilisikia kishindo nyumba ya jirani, kisha sauti ya mwanamke, kisha majirani wakifunga madirisha mmoja mmoja. Nikachukua kanga. Mama akaniambia nikae, mambo ya watu hayo, nitaleta vurugu mtaani. Nikamjibu kwamba vurugu ipo, nimeisikia kwa masikio yangu, na yeye pia ameisikia. Nikaenda nikapiga hodi. Mume ndiye aliyefungua, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza kama kwangu kuna shida. Nikamwambia nimekuja kukaa na mkewe. Akasema mkewe amelala, nije kesho. Nikaingia bila kukaribishwa.