Jezi namba tisa na ulimi wa dobi

Saa moja na nusu asubuhi, dobi anapuliza mkaa ndani ya pasi yake. Majivu yanaruka. Anageuza uso, anafumba jicho moja, kisha anagusa kitako cha pasi kwa kidole kilicholowa maji. Kinatoa mlio mfupi. Anavuta shati jeupe la karani anayelihitaji kabla ya saa mbili, analinyunyizia maji, anaanza na kola.

Kibanda chake kina mlango mmoja, meza iliyotandikwa blanketi na kamba tatu zilizokatiza chumba. Nje, chini ya bati, kuna benchi refu la wateja wanaosubiri nguo zao. Asubuhi hii limejaa, ila waliokaa hapo hawana nguo ya kuchukua. Wamekuja kumjadili Nyundo.

Nyundo ni mshambuliaji wa timu ya mji. Jina hilo alipewa na mashabiki msimu uliopita, alipokuwa akifunga karibu kila wiki. Msimu huu amecheza mechi tisa na kufunga bao moja, nalo la penalti.

"Kiwango kimeshuka, tusidanganyane," anasema muuza vipuri vya magari, jirani mwenye sauti inayofika barabara ya pili. "Juzi kabaki yeye na kipa. Yeye na kipa tu. Kapaisha. Mpira ule mpaka leo haujashuka."

Wanacheka. Fundi saa, anayefanyia kazi pembeni ya benchi, anatoa lenzi jichoni. "Kabla ya kusema kapaisha, sema alifikaje pale. Mshambuliaji mbovu hawezi kukosa nafasi tano kwenye mechi moja, maana hata hizo tano hazipati."

"Kwa hiyo tumpongeze kwa kukosa?"

"Nasema umaliziaji utarudi. Kujua mahali mpira utakapoangukia hakuna kocha anayekufundisha."

"Utarudi lini? Tunausubiri kama mshahara."

Ndani, dobi hainui kichwa. Mjadala wa Nyundo ukianza, siku hizi anazidi kuinamia meza. "Mdomo wangu umeshafanya kazi yake," anasema kwa sauti ya chini.

Gazeti hili lilimtembelea ili kuandika maisha ya mmoja wa madobi wachache mjini ambao bado wanatumia pasi ya mkaa. Alikubali kwa sharti moja: habari ya jezi iwemo. "Ukiiacha hiyo, na nyingine usiandike," alisema.

Ana miaka hamsini na minane. Kazi alifundishwa na shangazi yake aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Kwa shangazi alijifunza kutoa kutu, kufufua weupe, kunyoosha pindo bila kulichoma. Alijifunza na jambo jingine ambalo mama huyo hakuwahi kulitamka.

"Shangazi alikuwa hasemi lolote kuhusu nguo ya mtu," anaeleza. "Hata kwangu mimi niliyekuwa namsaidia. Akikuta doa la aibu, analifua la kwanza, mwenyewe, kabla sijaliona."

Naye ameifanya kazi hiyo hivyo hivyo tangu ujana wake. Wateja walimbatiza Pasi, na waliozidi utani husema ndiye mtu pekee mjini asiyepoteza pasi. Anajua ni nani katika mtaa anayelala na viatu akishalewa, na ni baba gani anayelia kwenye mkono wa shati lake. Hakuna aliyewahi kuyasikia kutoka kwake.

Miaka minne iliyopita mtunza vifaa wa timu alimletea gunia la kwanza la jezi. Tangu hapo linakuja kila Jumapili. Kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya kibanda, lakini ni kazi ya kuvunja mgongo: matope, majani, jasho, damu za pua. Dobi anaitambua kila jezi bila kutazama namba. Ya kipa inachakaa viwiko. Ya beki wa kulia ina tope upande mmoja tu, kama mtu aliyelala ubavu.

Jezi namba tisa, ya Nyundo, ilikuwa na mambo yake.

"Nyingine zinatupwa ovyo ndani ya gunia. Yake inakuja imekunjwa, mikono imeingizwa ndani," anasema. "Haina tope. Ukiinusa, unasikia sabuni."

Alijua tangu siku ya kwanza kwamba imefuliwa. Anasisitiza neno hilo, alijua, na kila akilisema anaacha kupiga pasi. "Nguo ambayo mtu hakuitolea jasho na nguo iliyofuliwa ni vitu viwili. Dobi hawezi kukosea hapo. Nilijua kuna mtu kaipitisha majini kabla yangu. Sababu sikuijua, wala sikuuliza."

Kisha ikaja Jumatatu moja, baada ya mechi iliyokwisha bila bao. Benchi lilikuwa limefurika. Muuza vipuri alishikilia kwamba Nyundo hajitumi, anasimama tu mbele kama nguzo ya taa. Fundi saa alishikilia kwamba hakuna mchezaji anayekimbia kama yeye. Wakabishana mpaka maneno yakawaishia. Ndipo muuza vipuri alipochungulia ndani ya kibanda.

"Mzee Pasi, wewe ndiye unayezifua jezi zao. Hebu tukate mzizi wa fitina. Ya Nyundo inarudi ikiwa na hali gani?"

Dobi anakumbuka jinsi walivyonyamaza wote. "Miaka yote wanakaa hapo, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mpira. Wananiuliza suruali iko tayari? Siku ile benchi zima lilinigeukia. Nikajiona mtu."

Akaweka pasi chini. Akajifuta jasho taratibu, akijua wanasubiri.

"Ya Nyundo?" akasema. "Hiyo hata hainipi shida. Inakuja safi."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa watu madukani. Muuza vipuri aligonga ukuta kwa kiganja mpaka vumbi likamwagika. Fundi saa peke yake hakucheka. Aliuliza, "Safi namna gani?"

"Safi tu," dobi akajibu.

"Pale alinipa nafasi ya kusema lililobaki," anasema sasa. "Nikaipoteza. Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Ningesema uongo, ningeukanusha. Nilisema ukweli, nikaukata katikati."

Kabla jua halijazama, maneno yalikuwa yameshafika kwa kinyozi. Siku ya pili yalikuwa gereji. Jumamosi yalikuwa uwanjani. Mashabiki wa nyuma ya goli la kusini walikuja na vipande vya sabuni ya kufulia, wakavipunga juu wakiimba, "Jezi safi, jezi safi." Kipindi cha pili Nyundo alipokea krosi akiwa hatua chache kutoka langoni, mpira ukagonga mwamba. Kipande cha sabuni kikarushwa, kikaangukia miguuni pake. Alikiokota, akamkabidhi mwamuzi wa pembeni, akarudi kucheza.

Dobi hakuwepo. Alihadithiwa na wateja waliokuja kumshukuru. Mmoja alimnunulia soda. "Mzee, umetumaliza kwa kicheko," alimwambia.

"Niliinywa," dobi anasema. "Usisahau kuandika kwamba niliinywa."

Wiki hiyo hiyo kocha alimweka Nyundo benchi.

Jumatano ilinyesha mvua na hapakuwa na mtu nje. Dobi alikuwa akipiga pasi, mkewe akikunja mashuka. Mlangoni akainama kijana mrefu, mfuko wa nailoni mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usilowe," mke akasema. Dobi akaendelea kupiga pasi.

Nyundo alieleza kwamba ameileta jezi mwenyewe kwa kuwa ilichelewa kukauka, mvua haikumpa nafasi. Kisha akabaki amesimama.

"Mzee, kuna maneno nimeyasikia uwanjani. Sijui kama yametoka kwako, na sitaki kumsingizia mtu mzima. Ila nikafikiri, huenda nimekukosea."

"Umenikosea nini?"

"Kuifua. Labda umeona naingilia kazi yako. Au umeona kama nasema hufui vizuri. Sikuwa na nia hiyo, mzee wangu."

Akasimulia. Mama yake alikuwa akifulia watu majumbani. Jioni alirudi viganja vimechubuka, hawezi hata kushika kijiko. "Nikishavua jezi, nikiona damu ya pua na tope, namkumbuka. Siwezi kumpa mtu wa umri wako kitu cha namna ile. Kwa hiyo natoa uchafu wa kwanza mwenyewe, halafu wewe unamalizia."

Moshi ulianza kupanda mezani. Shati la mteja lilikuwa linaungua, na mkono wa dobi ulikuwa juu ya pasi, hausogei. Mkewe alikuja akaiondoa.

"Mjibu mtoto wa watu," akamwambia.

"Ni mimi niliyesema," dobi akajibu.

"Hukujua kwamba naifua?"

Anasema hapo angeweza kujiokoa. Angesema hakujua, na kijana angeamini, maana alikuwa amekuja akiwa tayari kuamini. Akasema, "Nilijua."

Nyundo alitazama mfuko wake kwa muda. "Ulijua," akarudia, wala haikuwa swali. Akauweka mezani, akamuaga mama, akatoka kwenye mvua.

"Angenitukana, ningeshukuru," anasema dobi.

Shati lililoungua alililipa. Mkewe hakumgombeza. Alipokuwa akikwangua kitako cha pasi alisema jambo moja tu: "Shangazi yako angekunyang'anya beseni."

Kesho yake dobi alitoka nje ya kibanda, akasimama mbele ya benchi, akaeleza yote: kwamba jezi ilikuwa ikifuliwa na mwenyewe, na kwamba yeye alijua. Alitegemea wataona haya pamoja naye. Haikuwa hivyo.

"Amekupa tiketi za bure, eti mzee?" muuza vipuri akauliza.

"Hata kama anafua," akadakia mwingine, "mabao yako wapi? Afue basi na viatu, huenda vimeshika kutu."

Wakacheka kama walivyocheka mara ya kwanza. Fundi saa alikuwa akikusanya vibisibisi vyake. "Nilikuuliza safi namna gani," akasema. Mpaka leo anakuja kubishana na muuza vipuri kama kawaida, lakini nguo zake anazipeleka kwa dobi mwingine, ng'ambo ya barabara kuu. Hupita nazo mbele ya kibanda, zimefungwa kwenye gazeti.

Jumamosi iliyopita dobi alifunga kibanda na kwenda uwanjani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Alikaa makusudi nyuma ya goli la kusini. Nyundo alipoingia kutoka benchi, wimbo ukaanza. Dobi akasimama.

"Jamani, mimi ndiye dobi mwenyewe," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Kijana aliyekaa kando yake alidhani mzee anataka kushiriki, akamkatia kipande cha sabuni. "Chukua mzee wangu, punga." Akakitia mfukoni.

Nyundo alipata nafasi moja. Alipiga chini, kwa mguu wa kushoto, kipa akaufuata, akaudaka. Mechi ikaisha bila yeye kufunga. Dobi alimngoja kwenye geti la wachezaji. Kijana alipita na begi begani, akamwona, akasema, "Shikamoo mzee," akaendelea na safari yake.

"Amenipa shikamoo," dobi anasema.

Gunia bado linakuja kila Jumapili. Namba tisa siku hizi imo ndani yake kama nyingine, imetupwa, haijakunjwa, tope mpaka kolani. Muuza vipuri amesikia na ameomba kuiona ili mjadala uishe. Mke wa dobi naye anaona ingefaa itundikwe nje, watu waone jinsi kijana anavyojituma.

Dobi amekataa. "Hiyo nayo ni kutangaza nguo ya mtu," anasema. "Nimeshafanya mara moja."

Mkewe hakubaliani naye. "Mara ya kwanza ulimharibia. Hii ingemsaidia," anasema, akipanga mashuka. Dobi hambishii. Anaifua jezi hiyo kabla ya nyingine zote, anaianika ndani, kwenye kamba ya mwisho nyuma ya mlango.

Kabla ya kuchapisha habari hii, gazeti lilimtafuta Nyundo kwenye uwanja wa mazoezi kumwuliza kama anaridhia iandikwe. Alikuwa amebaki peke yake na mipira minane, akipiga langoni pasipo kipa. Mitano iliingia. Kuhusu ukame wa mabao alisema hana maelezo. "Miguu ni ile ile. Nikifika pale, kichwa kinaniuliza swali." Akaulizwa kuhusu dobi. "Andikeni," alisema. "Lakini yule mzee msimuumize."

Dobi alipofikishiwa maneno hayo, alifungua pasi akaongeza mkaa ambao haukuhitajika. Kisha akauliza gazeti litatoka siku gani. Akaambiwa Jumamosi asubuhi.

Basi atanunua nakala mbili, alisema, moja aipeleke kwa fundi saa. Ya pili atakwenda nayo uwanjani pamoja na mkewe, wakae nyuma ya goli la kusini, na wakati wa mapumziko, watu wakiwa wamekaa, atasimama awasomee.

Mkewe alimwuliza kama ataweza kuimaliza yote.

"Nasoma polepole," dobi akajibu. "Lakini mapumziko ni dakika kumi na tano."