Mke Mwenza Aliyezama

Mama mmoja, mshonaji wa sare za shule, aliishi miaka mingi na mke mwenza, na huyo mke mwenza alikuwa ndege. Ilikuwa ndege ndogo ya kizamani, ya viti viwili, mwili wa mbao uliovikwa kitambaa, iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa. Mumewe, fundi wa injini, aliikuta imetelekezwa kwenye banda la uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, popo wamefanya makazi ndani yake. Akaiomba, akapewa. Tangu hapo Jumamosi zake zote zikawa za bandani. Akirudi nyumbani ananuka mafuta na gundi, mkewe humuuliza, "Bi Mdogo hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie na mimi bado nipo."

Ulikuwa utani, lakini utani wenye kijiwivu ndani yake. Kisha siku moja fundi akaingia na majora ya kitani begani, akayatua mezani juu ya sare zilizokuwa zinasubiri vifungo. Mabawa yalitaka kuvikwa upya.

"Yaani nimshonee nguo mke mwenzangu?" mama akauliza.

"Nani mwingine atamshonea nguo ikamkaa?"

Mama akacheka, na mumewe alijua kwamba akishacheka, ameshakubali. Msimu mzima wa mvua walishinda bandani. Mama alipitisha sindano ndefu upande huu wa bawa, mumewe akaipokea upande wa pili na kuirudisha, hivyo hivyo, bila maneno mengi. Baadaye, alipokuwa mjane, alisema hawakuwahi kuwa karibu kama siku zile, ingawa bawa lilikuwa katikati yao na hawakuonana nyuso.

Ndege ikaruka. Mumewe akamwalika apande. "Siku nyingine," mama akasema. Akamwalika tena na tena, jibu likawa lile lile. Halafu asubuhi moja, akiwa ananyoa ndevu, moyo wa fundi ukasimama.

Ndege isiyoruka huoza kama nyumba isiyo na mtu. Mama alilijua hilo, kwa hiyo alipokuja daktari wa meno aliyekuwa rafiki wa marehemu, mtu aliyejua kuirusha, alimkabidhi kwa sharti moja tu: "Ukiruka, pita juu ya nyumba yangu."

Daktari hakuwahi kusahau. Kila Jumamosi mama akiwa anaanika nguo uani, aliisikia ile injini ikija, inakohoa kidogo kabla ya kutulia kama mzee anayetaka kuanza kuongea. Aliinua uso, nguo mbichi mkononi, akatazama bawa likiinama kumsalimu. Kwa kitambo hicho mumewe hakuwa amekufa. Alikuwa ameenda kazini tu, na jioni angerudi ananuka gundi.

Jumamosi moja ndege ilipita kama kawaida, ikainamisha bawa, ikaelekea baharini. Haikurudi.

Binti wa yule mama alikuwa muuguzi, na alikuwa zamu daktari alipofikishwa hospitali, nguo zimelowa chapachapa. Alirudi nyumbani bila hata kuvua sare.

"Mama, daktari yuko salama. Amevunjika mkono tu."

Mama akashusha mkasi. "Na Bi Mdogo?"

Binti akatazama sakafu. "Amezama, mama. Wanasema pale ni kina kirefu, hatolewi."

"Mungu ashukuriwe kwa uhai wa daktari," mama akasema, na alimaanisha. Akaendelea na kazi. Kesho yake aligundua kwamba shati la mtoto wa watu alikuwa amelikatia mikono miwili ya kushoto.

Daktari alipotoka hospitali alikuja mwenyewe, mkono umefungwa plasta, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Ulifanya makusudi?"

"Hapana. Injini ilizima, nikamtua juu ya maji."

"Basi hakuna la kuombea radhi. Niambie alivyoondoka."

Daktari akamweleza. Pua ilitangulia kuzama, lakini mabawa yakagoma, maana kitambaa kilikuwa kimeshika hewa. Yeye akapanda juu ya bawa, akang'ang'ania hapo mpaka boti ya kuvuta meli ilipomfikia. "Vidole vyangu vilikuwa vimeshika mshono wako, mama."

"Ulifumuka?"

"Haukufumuka. Amezama nao."

Mama akatabasamu, kisha machozi yakamtoka, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia. Kwenye msiba wa mumewe hakupata nafasi. Kulikuwa na viti vya kuazima na wageni wa kulisha. Na baadaye mlio wa Jumamosi ukawa unamdanganya. Daktari, mtu aliyezoea kukaa na watu walioachama vinywa wasioweza kumjibu, alisogeza kiti karibu. Alikaa tu mpaka mama alipomaliza kulia.

Baada ya wiki kadhaa uwanja ukawaomba waondoe vitu vilivyobaki bandani. Mama alikwenda na binti yake. Palikuwa na sanduku la vifaa, mikebe ya rangi iliyokauka, na sakafuni doa jeusi la mafuta pale injini ilipokuwa ikisimama.

"Mama, kwa nini hukupanda hata siku moja?" binti akauliza.

"Mwanzoni niliogopa."

"Na baadaye?"

"Baadaye uoga uliisha. Nilipenda tu anavyonibembeleza. Nikajua atanibembeleza tena."

Binti akashika ufagio. Mama akamwambia auache kwanza. Wakaketi juu ya lile sanduku, bega kwa bega, mlango uko wazi, wakitazama njia ya kurukia na majani yanayolazwa na upepo. Mlinzi akaja kuchungulia kama wamemaliza.

"Bado kidogo, baba," mama akamjibu.