Mtu Aliyesikiliza Vinu

Temeke yetu ya wakati ule, Mwingereza akiwa bado anatawala, ilikuwa na mashine moja tu ya kusaga nafaka. Ilikuwa ndani ya banda la mabati kando ya njia ya kwenda Mtoni, na ikiwaka asubuhi ilisikika mpaka kwenye mashamba ya minazi. Mwenye mashine alikuwa mtu wetu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za bei hudhani kila mnyonyaji alitoka ng'ambo. Huyu alizaliwa mitaa hiyohiyo, alisali safu ya kwanza, na mazishini alikuwa wa mwanzo kulishika jeneza. Alichokuwa nacho yeye na sisi hatuna ni leseni. Bomani walitoa leseni moja kwa upande wetu wote, wakasema moja inatosha, na yeye ndiye aliyejuana na makarani.

Mashine nyingine ilikuwa Kariakoo. Ukibeba debe kichwani kwenda na kurudi, siku imekwisha. Ukipanda basi, nauli imekula faida. Kwa hiyo mtu alikuwa na njia mbili: amlipe yeye, au atwange.

Mama yangu hakuwa na njia ya pili. Aliteleza kisimani wakati wa masika, bega likatoka, na aliyelirudisha hakulirudisha sawasawa. Mkono wa kulia ulifika usawa wa kifua, haukwenda juu zaidi. Naye aliishi kwa vitumbua. Kila alfajiri alikaa barazani na chuma chake cha kukaangia, vibarua wa bandarini wakanunua wakipita. Kitumbua ni unga wa mchele. Unga ukikosekana, kwetu hakuna anayekula. Baba alikuwa ameshakufa. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya msingi, kijana mwenye haya kiasi cha kuzunguka nyumba nzima ili nisikutane na wageni, na kazi niliyopata ya kufyeka nyasi haikuwa ya kila siku.

Mashine ilizimwa saa sita mchana. Foleni iwe ndefu namna gani, saa sita ikifika mwenye mashine alinyanyua mkono, na fundi wake akazima. Wanawake walibaki juani na madebe yao. Sababu ilikuwa ileile kila siku. "Mashine nayo inapumzika, jamani," alisema, kwa upole, kama mtu anayemwombea radhi ng'ombe mwenye mimba. Nyuma ya banda mapipa ya dizeli yalikuwa yamejaa, na kila mtu aliyaona.

Mimi ni mtu wa kuelewa polepole, na jambo hili lilinichukua muda. Kama angesaga mchana kutwa, angewamaliza wote waliokubali bei yake, halafu mashine ingekaa bure. Ili apate wengine, ingembidi apunguze bei awavute wale waliokuwa wakitwanga nyumbani. Na ukimpunguzia mmoja mbele ya foleni, umewapunguzia wote. Kusaga kidogo kwa bei kubwa kulimlipa kuliko kusaga kwingi kwa bei ndogo. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko ya mashine. Aliyechoka alikuwa mama mwenye debe, si chuma.

Bei yenyewe ilipanda na kushuka bila taarifa. Wengine walisema ni dizeli, wengine wakasema ni kodi. Hakuna aliyeihusisha na matembezi ya mwenye mashine. Kila siku baada ya sala ya alasiri alipita mitaani na bakora yake. Watoto walimwamkia, naye aliitikia marahaba bila kuchoka. Kwenye kila ua alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akaendelea. Tulimsifu kwa hilo. Jirani yetu, mwanamke mnene ambaye maneno yake yalifika sokoni kabla yake, alisema tajiri anayekumbuka kuwasalimu maskini ni wa kushukuriwa.

Fundi wa mashine ndiye aliyetufumbua macho. Alikuwa kijana wa bara, amepanga chumba cha uani kwetu, na mama alimwekea vitumbua vilivyobaki. Siku moja jirani alikuwa uani akimsifu tajiri wake, na fundi alicheka hadi akapaliwa.

"Mama, yule hasalimii watu," alisema alipopata pumzi. "Anasikiliza vinu."

Akatueleza. Mzee akisikia michi inalia kwenye nyua nyingi, anajua wanawake wamemkimbia, na asubuhi anashusha bei kidogo. Akikuta kimya, anajua wamekubali, na asubuhi anapandisha. Alikuwa akiitafuta bei ya juu kabisa ambayo bado haijamfanya mwanamke ashike mchi. Maumivu yetu alikuwa akiyapima kwa masikio, huku sisi tukimwitikia salamu.

Hapo nikakumbuka jinsi mama alivyokuwa akipokewa bandani. Mzee aliutazama mkono wake kwanza, ndipo akataja bei. Na bei ya mama ilizidi ya mwenye debe la mbele yake. Alisema mchele unamaliza mawe ya kusagia. Mama alilipa. Angefanya nini?

Jirani hakulala juu ya habari ile. Kabla ya alasiri ya siku iliyofuata alikuwa ameshazunguka mtaa mzima. Kinu kitupu hakitwangwi, kinapasuka na sauti yake inakusaliti, kwa hiyo aliwaambia watie pumba. Tajiri alipotokea na bakora yake, mtaa wote ulikuwa ukilia. Wanawake walitwanga pumba za kuku kwa nguvu kama kuna arusi, wakipokezana michi na kuangua vicheko. Walifanya hivyo tena kesho yake, na kesho yake. Nilimwona mzee amesimama kwenye uchochoro, kichwa kimeinama, uso kama wa mtu aliyeambiwa ana homa.

Bei ilishuka. Si hivyo tu, mashine ikawaka hadi jua linapotua. Ugonjwa wake wa kuchoka ulipona kwa usiku mmoja.

Na sisi tukafanya nini? Tulibeba kila punje tuliyokuwa nayo, tukakimbilia bandani. Jirani mwenyewe alikwenda na madebe mawili na mtoto wa kumsaidia. Mtaa ukanyamaza. Alasiri mzee alipita, akasikiliza, akaitikia marahaba zake. Asubuhi bei ilikuwa juu kuliko ilivyopata kuwa, na saa sita mkono ukanyanyuka.

Wanawake walilaumiana siku nzima. Jirani alipendekeza warudi kwenye pumba, lakini safari hii wengi walikataa. Waliona ni kuchoka bure, na kuku nao wanataka kula.  Mama alikaa uani akaanza kupiga hesabu ya mtu wa kumuuzia kile chuma cha vitumbua. Alilitaja jina la kila anayeweza kukitaka, kwa sauti ya kawaida tu, akichambua mchele ambao hakuwa na uwezo wa kuusaga.

Niliwaza kwa utaratibu wangu. Kelele ya uongo ilimtisha mzee siku chache tu, kwa sababu ilikuwa uongo. Kitu alichokiogopa kweli ni mtu anayeweza kukaa bila yeye. Mama hawezi. Mimi ninaweza, mikono yote miwili inafika juu. Kilichonizuia ni kwamba mwanamume hatwangi. Si kwetu, si kwa jirani, sikupata kumwona hata mmoja. Kijana akishika mchi, wenzake watamtungia jina, na jina hilo atazikwa nalo.

Niliuroweka mchele wa mama, nikauchuja, nikauanika. Kinu nilikitoa uani nikakiweka barazani, mbele ya njia, maana nikitwanga kwa kujificha mzee atadhani ni mama amepona kidogo. Alasiri nikaanza. Vijana wa mtaani hawakuchelewa. Mmoja aliuliza mahari yangu ni kiasi gani. Mwingine alitaka kujua kama nimeshachezwa unyago. Masikio yaliniwaka moto, na sikuinua macho kwenye kinu.

Fundi alirudi kutoka kazini, maana mashine ilikuwa imezimwa tangu mchana naye hana la kufanya. Alinitazama kidogo. Akaingia kwa jirani, akatoka na mchi wa pili, akasimama upande wa pili wa kinu. Tukaanza kupokezana, wangu ukipanda wake unashuka. Michi ya wanaume wawili ina kishindo kingine kabisa. Jirani alitoka kutazama. Mama alisogea mlangoni na chekecheo lake, akaanza kuchunga unga.

Mzee alikuja. Safari hii hakuwa na haja ya kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

Hakuitikia. Alimtazama fundi wake, jasho linamtoka, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Wewe ni mtu wangu," alimwambia. "Unafanya nini hapa?"

"Mashine inapumzika, mzee," fundi alisema bila kusimamisha mchi. "Mie sijachoka."

Jirani alicheka kwanza. Halafu wale vijana walioniuliza mahari, na kicheko kikashuka na njia yote nyuma ya bakora ya mzee, kwenye kila ua alipopata kusimama.

Alimfukuza fundi kesho yake, na baada ya siku chache akamrudisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua ile mashine. Bei ilishuka ikatulia. Watu walisema ameingiwa na imani, wengine walisema kwa sababu Ramadhani ilikuwa karibu. Waache waseme. Mimi niliendelea kutwanga barazani kila alasiri, mchele wa mama na mara nyingine wa jirani, hata siku ambazo tungeweza kumlipa. Mzee alibadilisha njia ya matembezi yake. Chuma cha vitumbua hakikuuzwa.